Mwenye Cadillac

Cadillac ya mwaka 1959 ina urefu wa karibu mita 5.7, na sehemu kubwa ya urefu huo haina kazi. Kwanza boneti, ambayo mtu angeweza kuanika juu yake nguo za familia nzima na bado pakabaki nafasi ya mito. Kisha viti virefu vya kukalisha watu sita bila kugusana magoti. Kisha buti. Na juu ya buti, kulia na kushoto, mapezi mawili yanayopanda kwenda mbinguni, kila moja limebeba taa mbili nyekundu zilizochongoka. Mapezi hayo hayapozi injini. Hayapunguzi mafuta. Hayakingi mvua. Yapo tu, na dereva akirudi nyuma bila kuangalia, yatamdunga mtu.

Chanzo chake ni ndege. Harley Earl, mkuu wa wasanifu wa General Motors, aliwapeleka vijana wake kuitazama ndege ya kivita ya Lockheed P-38 kabla Marekani haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, nayo ilikuwa na mikia miwili. Wakaitazama, wakaipenda, na vita vilipokwisha Cadillac ya 1948 ikatoka na vinundu viwili vidogo vya adabu huko nyuma. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1956 msanifu mmoja kijana wa GM, Chuck Jordan, alipita karibu na yadi ya Chrysler, akachungulia uzioni, akaona magari ya mwaka unaofuata yamejipanga, membamba, maridadi, na mapezi yake yanayashinda ya kwao. Akarudi kazini kuwaita wenzake, nao wakaenda kuchungulia. Mapezi ya 1959 ni matunda ya kuchungulia ua wa jirani. Nawafahamu watu waliojenga ghorofa kwa sababu hiyo hiyo.

Nilikuwa nayo moja. Ni Eldorado, ina injini ya lita 6.4 yenye kabureta tatu, ina nikeli kila mahali ambapo nikeli inaweza kushika, na ina urefu wa sentimita 23, kwa kuwa imepunguzwa mara 25. Ilikuwa ikiegeshwa juu ya meza ya chakula, kati ya chupa ya achari na kopo la sukari, mpaka mke wangu aseme iondoke. Kwa hesabu ya kawaida, gari lililopunguzwa mara 25 lingekuwa na taabu zilizopunguzwa mara 25. Hesabu hiyo haitoki. Rangi inababuka vilevile, spea zinapotea vilevile, ndugu wanaomba lifti vilevile. Kilichopungua ni kwamba halikufikishi sokoni.

Taabu ya kwanza ni mahali. Naishi Dearborn, jimbo la Michigan. Makao makuu ya Ford yako hapa, kiwanda cha Rouge kiko hapa, jumba la makumbusho la Henry Ford liko hapa, na ndani yake imewekwa ile Lincoln aliyopigiwa risasi Rais Kennedy. Mtaani kwetu wengi ni Walebanoni na Wayemeni, na wazee wao walimwaga jasho Rouge miaka nenda miaka rudi. Jirani yangu mmoja ni mstaafu wa Ford, Myemeni, ambaye namwita ami kama ambavyo ningemwita mzee yeyote wa Kihadhrami kule kwetu Mombasa. Kofia yake ina nembo ya Ford, na sidhani kama huivua akilala. Siku aliponikuta mlangoni na boksi la Cadillac, aliligeuza akasoma pande zote.

"Hii si ya GM?"

"Ndiyo, ami. Lakini ni ndogo."

"Haramu," akasema, "kidogo chake na kingi chake ni sawa."

Nikamjibu kwa gari la Edsel. Ukitaka kumnyamazisha mtu wa Ford, hilo ndilo jina la kutaja. Ford waliitangaza kwa muda mrefu huku wameifunika isionekane, wakaifunua tarehe 4 Septemba 1957, na walioiona wakaanza kubishana kama uso wake unafanana zaidi na kola ya farasi au na kiti cha choo. Vifungo vya gia viliwekwa katikati ya usukani, pale pale ambapo madereva walikuwa wamezoea kupigia honi, kwa hiyo mtu aliyetaka kumpigia honi mpita njia aliweza kubadili gia. Hata jina lilikuwa shida. Kampuni ilimwandikia mshairi Marianne Moore awasaidie, naye akawapa majina mengi, moja likiwa Utopian Turtletop. Wakamshukuru, wakaliita gari kwa jina la Edsel Ford, mwana pekee wa Henry, aliyefariki mwaka 1943 na hakuwa na hatia yoyote. (Pwani yetu ina washairi tele, na sijasikia mmoja aliyeulizwa jina la gari. Matatu hujibatiza yenyewe, na majina yake ni bora.) Kufika Novemba 1959 Edsel ilikuwa imezikwa, na hasara inatajwa kuwa karibu dola milioni 250.

Ami alisikiliza yote. Akavua kofia, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema: "Edsel haikutengenezwa na Ford. Ilitengenezwa na kamati." Kisha akakaa, akaagiza chai. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila jioni kuhakikisha Cadillac haijakamilika.

Kazi hii ya kuunda magari madogo ilikulia huku huku. Baada ya vita, wauzaji wa magari walikuwa na vigari vya plastiki vya kugawa, vimepakwa rangi zile zile za magari ya mwaka huo. Mteja akinunua gari, au akionyesha dalili za kununua, mtoto wake anapewa kigari. Baba akirudi nyumbani kutafakari bei, mtoto anamsukumia jibu sakafuni. AMT ya Troy ilikuwa ikivitengeneza, na Jo-Han ya Detroit pia, wote umbali mfupi kutoka viwanda vya magari yenyewe. Plastiki ya mwanzo ilikuwa na tabia ya kujipinda kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo ukikuta kigari cha wakati huo kimekunja mgongo, usitafute ajali, ni uzee. Mwaka 1958 AMT wakaanza kuuza magari ya mwaka huo vipande vipande, kwa mtindo wa tatu kwa moja: ndani ya boksi moja unaweza kuunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au la mapambo, au la mashindano. Habari hizi zote nilimwandikia mjomba wangu wa Mombasa kwenye simu, kwa kirefu, usiku mmoja nilipokuwa nangoja gundi ikauke. Mjomba ni mtu asiyesahau alichosoma. Tutarudi kwake.

Plastiki ya boksi langu ilikuwa nyekundu, nami nilitaka gari jeupe. Anayeijua kazi hii ameshaanza kucheka. Rangi iliyomo ndani ya plastiki nyekundu hupanda, pole pole, ikapenya rangi nyeupe iliyopuliziwa juu yake, na praima ya kawaida haiizuii. Usiku gari lililala jeupe, safi, la kuvutia. Asubuhi lilikuwa na haya usoni. Jioni yake lilikuwa waridi kabisa, waridi iliyotulia, isiyo na doa, ambayo ningeitafuta nisingeipata. Mke wangu alilishika, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Zililingana.

"Ukikwaruza," akasema, "usinunue. Niombe."

Nikajifariji na Elvis Presley. Naye alikuwa na Cadillac, Fleetwood ya 1955, akaipaka waridi, akampa mamake, Gladys. Gladys hakuwa na leseni ya udereva. Hili pia nilimwandikia mjomba.

Ikabaki kukausha. Rangi ya enameli haina haraka. Ukiigusa kabla haijawa tayari, itahifadhi alama ya kidole chako kuliko polisi. Wajuzi wa Marekani hutumia mashine ya kukaushia matunda, wakaiweka kwenye joto la nyuzi 40 hivi na kuliacha gari humo usiku kucha. Ya kwetu ni ya mke wangu, ambaye hukaushia maembe ya watoto kwenda nayo shuleni. Tulikuwa na mkataba: maembe mchana, gari usiku, na trei zisichanganywe. Mkataba ulikwenda vizuri mpaka shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Columbus, Ohio, na kilo kadhaa za nyama aliyotaka kukausha. Nyama inahitaji nyuzi 70 na ushei. Shemeji ni mtu wa vitendo. Alizungusha kitufe kwanza, akaenda kukata nyama, bila kufungua mlango kuona ndani amelala nani.

Plastiki ya polistireni ikipata joto haipasuki wala haipigi kelele. Inakata tamaa. Paa la Eldorado yangu lilishuka taratibu mpaka likakaa juu ya viti, mahali pa abiria. Mapezi, kwa heshima yake, yalisimama. Kesi ilisikilizwa jikoni. Shemeji alidai kwamba aliyedhulumiwa ni yeye, kwa kuwa nyama yake sasa ingenuka thina, na hakimu alikuwa dada yake wa tumbo moja. Niliamriwa kununua nyama nyingine.

Lakini GM walikuwa wamenitengenezea njia ya kutokea. Mwaka 1959 Eldorado iliuzwa ikiwa na paa, ikaitwa Seville, na bila paa, ikaitwa Biarritz, zote kwa dola 7,401. Yaani paa lilikuwa bure, au kutokuwa na paa kulikuwa na bei ya paa. Sijawahi kuielewa biashara hiyo. Seville zilitengenezwa 975 na Biarritz 1,320. Nikachukua msumeno mdogo, nikakata nguzo, nikapiga msasa. Hesabu sahihi sasa ni Seville 974 na Biarritz 1,321, na kama yupo mwanahistoria wa magari anayesoma, naomba arekebishe.

Gundi ni mlango mwingine wa balaa. Supaglu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo hupenda kioo. Unabandika dashibodi saa tatu usiku, asubuhi unakuta kioo cha mbele kina ukungu usiopanguswa, kama kwamba abiria wamelala ndani wakikoroma. Hiyo si kitu. Kioo kingine kinaweza kupatikana. Jambo zito lilikuwa bampa ya nyuma, ambayo katika Cadillac ya 1959 ni nusu ya gari, na ambayo siku moja iliamua kushikamana na kidole gumba changu cha kulia badala ya bodi. Asetoni inayeyusha supaglu, na mke wangu anayo nyingi ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni pia inayeyusha polistireni. Kwa hiyo palikuwa na chaguo la kuokoa kidole au bampa, na wakati nikipima, kengele ikalia. Ami, na wageni wawili wazee kutoka Sanaa aliotaka kuwaonyesha jirani yake Mswahili. Kwetu mzee hapewi mkono wa kushoto. Nikatoa wa kulia. Mgeni wa kwanza aliukamata, akaushikilia kwa muda mrefu kama desturi yao, akautazama, akamtazama ami.

"Ni ya GM," ami akaeleza.

Maji ya uvuguvugu na sabuni yaliniokoa, baada ya vikombe viwili vya kahawa. Ami mwenyewe ndiye aliyenikuta, juma lingine, nimeinama kifudifudi, paji la uso limegusa zulia la sebuleni, nikitafuta kioo cha pembeni kilichoruka kutoka kwenye koleo. Kioo cha pembeni, kikipunguzwa mara 25, ni kitu ambacho ukikipiga chafya hukioni tena. Alisimama mlangoni kimya, kwa heshima, akangoja. Nilipochukua muda mno akakohoa: "Kibla si huko." Kweli. Kibla ya Dearborn ni kaskazini mashariki, nami nilikuwa nimeelekea friji. Kioo hakikupatikana. Lile zulia limekula vitu ambavyo vikikusanywa vinatosha kuunda gari la pili.

Nilikuja kuwaelewa wenye magari makubwa siku ya Woodward. Kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, tangu mwaka 1995, barabara ya Woodward inayotoka Detroit kwenda Pontiac hujaa magari ya zamani, foleni ya maelfu, mwendo wa konokono, watu wamepanga viti kando ya barabara kama wanaotazama maandamano. Si barabara ya mchezo: maili moja yake ilimwagwa zege mwaka 1909, na Wamarekani huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini mwao. Ami huenda na kiti chake cha kukunja, akahesabu Mustang tu. Kila ikipita moja hutaja tarehe 17 Aprili 1964, siku Mustang ilipofunuliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na bei, dola 2,368, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu mwema.

Mimi nilikuwa na yangu ndani ya boksi la viatu, kwa kuwa nilitaka kuhakiki utepe wa nikeli wa ubavuni. Nikaipata Biarritz ya kweli, nyeupe, imeegeshwa kwenye nyasi na mzee wa Kimarekani amekaa kivulini mwa pezi. Nikafungua boksi. Akavaa miwani. Hatukusalimiana hata, tulianza na malalamiko. Akaniambia rangi yake inafura malengelenge. Nikamwambia yangu ilibadilika usiku. Akasema bampa kuichovya nikeli upya kunamgharimu kuliko gari alilompa bintiye, nikamwonyesha kidole. Akasema gereji yake ilijengwa kwa magari ya watu wa kawaida, mlango haufungi, mapezi yanabaki nje usiku kama miguu ya mgeni mrefu kitandani. Nikamwambia kabati letu la vyombo lina tatizo hilo hilo, na kwamba mke wangu ameligundua. Aliposikia mke, akatazama kando, akatikisa kichwa.

"Inawaka?" akaniuliza mwishowe.

"Haiwaki. Yako?"

"Leo imewaka," akasema, na hakuongeza neno.

Ikawaka, ikaingia barabarani, ikaenda kama mwendo wa duka tatu, ikachemka. Mvuke ukapanda. Gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili, na nusu ya uzito huo ni fahari, lakini fahari nayo husukumwa. Tulijitokeza wanaume kadhaa, mimi nikiwa nimeshika pezi la kushoto, jasho linanitoka, boksi la viatu limebanwa kwapani. Ami alikataa katakata kusukuma gari la GM. Alikubali kupiga picha.

Basi picha zilikuwa mbili. Ya kwanza nilikuwa nimeipiga mwenyewe mapema kwa njia ya Michael Paul Smith, fundi wa Massachusetts ambaye alibuni mji mzima uitwao Elgin Park kwa magari madogo. Aliyaweka juu ya meza nje ya nyumba, akaishusha kamera yake ya kawaida mpaka usawa wa matairi, na miti na nyumba za kweli za mbali zikakaa nyuma yake kwa kipimo sawasawa. Ukiziona picha zake unatafuta mwenye gari. Nami niliiweka Cadillac yangu ya waridi juu ya ubao, mtaa wetu nyuma yake, jua la jioni likapiga nikeli, na picha ikatoka nzuri kiasi kwamba niliituma kwenye kundi la familia bila maelezo. Ya pili aliituma ami kwangu, nami nikaisambaza: mpwa wao, Woodward, anacheka, mkono juu ya Cadillac nyeupe.

Kundi la familia lina watu wengi wenye akili. Walilinganisha picha hizo na wakafikia uamuzi kabla sijaamka. Ya waridi ni ya mke. Nyeupe ni yake.

Mjomba akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwenye Cadillac." Akaniuliza hali, hali ya watoto, hali ya hewa, kisha hali ya matairi. Bintiye alikuwa anaolewa, kamati ya harusi imeshakaa, na kwenye bajeti, mahali pa gari la bibi harusi, wameandika jina langu. Sikuwa wa kwanza kufikiria matatizo, akaniambia. Ameshafika bandarini kuulizia. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na usukani lazima uwe kulia.

"La kwako lina umri gani?"

"Miaka sitini na ushei, mjomba."

"Basi tumezidi kidogo. Na usukani?"

"Kushoto."

"Huo si neno, yuko fundi Magongo."

Nikamweleza polepole kwamba gari lina sentimita 23. Upande wa pili wa simu ukanyamaza, na katika kimya hicho nilimsikia akijikusanya kama mzee aliyetukanwa na mtoto aliyemlea.

"Mwanangu," akasema, "kama hutaki kutoa, sema hutaki. Usinipe vipimo."

Ikabidi kupigiana simu ya video. Niliweka Cadillac juu ya kiganja, nikaisogeza kwenye kamera, nikaigeuza, nikaonyesha hata chini ya chasi. Upande wa Mombasa kulikuwa na vichwa vingi kwenye kioo kimoja. Vikajadiliana. Kisha mjomba akarudi, mtulivu, kama wakili ambaye shahidi amemletea ushahidi mwenyewe.

"Hiki tunakijua. Ulituandikia kwa mkono wako: mwenye kununua gari hupewa na kigari. Tumekiona kigari, ni kizuri. Sasa tuonyeshe gari."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mjomba, kwa kuwa njia ilikuwa nyeupe, akaendelea: hata yule Elvis, kijana mlevi wa muziki, alimkumbuka mamake kwa Cadillac, je, mimi? Nikasikia sauti ya mamangu kwa nyuma: "Mwacheni mwanangu, mimi leseni sina."

"Gladys naye hakuwa nayo," mjomba akamjibu.

Nilitoa mchango wa harusi, mkubwa, wa mtu mwenye magari mawili. Na kwa kuwa Cadillac ilikuwa imekamilika isipokuwa kioo kimoja, na mke wangu alikuwa analitaka kabati lake, nikaifunga kwenye pamba na kumpa mtu wetu aliyekuwa anasafiri kwenda Mombasa. Ilifika nzima. Niliziona picha za harusi. Imewekwa juu ya meza kuu mbele ya maharusi, imefungwa riboni, na naambiwa mshereheshaji aliwatangazia wageni kwamba gari lenyewe limezuiliwa na sheria ya miaka 8, lakini mwenyewe ametanguliza sampuli, na kwamba makofi yalikuwa mengi kuliko ya keki. Ami nilimwonyesha. Akatazama meza ile, wageni mia kadhaa wamesimama kuishangilia bidhaa ya GM, akasema yeye angenisaidia kuunda Mustang nisimalize hivi.

Sasa inakaa sebuleni kwa mjomba, ndani ya kabati la kioo, karibu na vikombe ambavyo havinywewi. Juma lililopita ameniandikia kwamba mgeni mmoja mwenye macho makali amegundua haina kioo cha upande wa kulia, na aibu hiyo hawezi kuibeba. Nimtumie. Nimemjibu ukweli, kwamba kioo cha Cadillac kimepotelea ndani ya zulia. Alinyamaza siku nzima. Usiku akauliza zulia la ukubwa huo nimelinunua wapi, na kama tunapanga kulibadilisha, kwa sababu sebule yake ina nafasi.